Kipandikizi Si Siri ya Nyumba

Nina neno juu ya bustani zetu za Mesaimeer, na kwa kuwa kitabu hiki husomwa na wakubwa na watoto wa jamaa zetu wote, nimeona hapa ndipo mahali pake. Neno lenyewe ni hili: mimea yetu twaificha mno, na ndege wanaotupitia twawanyima mno. Wapo waonao kuwa hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mimi naona ni tabia moja, ya mtu kukizungushia ukuta kila alichopewa, kisha akadhani ukuta ndio uliokiotesha.

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Juni, hazikosi nyumba mbili tatu za watu wetu zinazohamwa. Baba kazi yake imekwisha, au mkataba haukuongezwa, iqama inafika mwisho, na watu wanafunga mizigo kwenda Maskati, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, au Ulaya waliko watoto. Makochi huuzwa, friji hupewa jirani, gari hupata mnunuzi siku hiyo hiyo. Mimea haina mnunuzi. Huachwa uani kwa ahadi kuwa bawabu ataitilia maji. Bawabu naye ana nyumba tisa za kuangalia, na yeye pia anaingojea likizo yake. Joto la hapa mwezi wa Julai hupita digrii 45, upepo wa shamali unapeperusha mchanga, na shina la asumini lililo chunguni halistahimili siku nne bila ya maji. Mpangaji mpya akija Septemba hukuta vijiti vikavu. Huvitupa jaani, wala simlaumu, kwani atajuaje vilikuwa nini?

Aghalabu vijiti hivyo vina nasaba ndefu kuliko ya mwenye nyumba. Wazee waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 hawakutoka na miti. Wengi wao walitoka na nguo za mwilini. Mimea ilikuja nyuma, kidogo kidogo, kila njia zilipofunguka. Mingine ilipitia Mombasa, mingine Dubai, na mingine haikuja kabisa bali ilikutwa huku huku Ghuba, bibi zetu wakaitambua kwa harufu na kuiita kwa majina yetu. Asumini tuliyoikuta hapa Waarabu wenyewe wanaiita razqi, na wanaipenda kama tuipendavyo sisi. Rehani ni rehani popote. Mhina hauna mwenyewe. Kwa njia hiyo uani wa Mesaimeer ukapata sura ya uani wa Malindi au wa Ng'ambo, ijapokuwa udongo wake ni mchanga wenye chumvi na maji yake ni ya bahari yaliyosafishwa.

Basi ajabu yangu ni hii. Nyumba ikiwa na mmea wa namna hiyo, huisikii habari yake ila siku ya harusi. Bibi harusi ananukia kikuba, wanawake wanaulizana maua yametoka wapi, na jibu ni tabasamu. Ukiomba kijiti utaambiwa kuwa mti huu haukubali kukatwa. Au utaambiwa utapewa Inshallah, na Inshallah hiyo sote tunaijua. Au utaelezwa kwa siri kuwa shina likitolewa kijiti kikaenda kwa mtu mwenye jicho, mama yake hunyauka.

Nimesomesha watoto miaka mingi, na somo langu la mwanzo la bustani lilikuwa kupanda muhogo kwa kijiti, hata kwa wale ambao walikuwa hawajajua kuliandika neno lenyewe. Mmea hauna siri. Asumini ikikatwa ncha huchipua matawi pembeni, na maua yake huja katika machipukizi mapya, kwa hiyo anayeogopa kukata ndiye anayejinyima maua. Ama anayeogopa hasadi, na azisome Qul Audhu zote mbili, kisha achukue mkasi.

Hapa pana jambo la wakati ambalo wageni hawalijui, nami naona ndilo linalowavunja moyo. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kupanda masika. Masika ya huku hayapo. Aprili na Mei ndio mlango wa moto. Wenyeji wa Ghuba huhesabu majira yao kwa nyota ya Suheli, ambayo kwa hesabu yao ya jadi hutoka mwisho wa Agosti, na baada yake joto huanza kulegea. Kisha katikati ya Oktoba yanaingia majira ya wasmi, ambayo ndiyo mvua zao za mwanzo zikijaaliwa. Mvua yenyewe ni haba, yapata milimita 75 kwa mwaka mzima, ingawa mara moja moja huja kwa ghadhabu: tarehe 20 Oktoba 2018 Doha ilipata kwa siku moja kiasi kinachokaribia cha mwaka, na njia zote zikawa mito. Lakini hata isiponyesha, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kutia kijiti ardhini. Kipandikizi kilichotolewa Novemba kinapata miezi sita ya kutia mizizi kabla ya jua kukitafuta.

Asumini ikatwe kijiti cha urefu wa kalamu, penye mafundo matatu au manne, kitiwe katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, kiwekwe kivulini. Mpachori vivyo hivyo, ila huo hautaki jua kabisa. Rehani hutoa mizizi hata katika gilasi ya maji. Mchaichai hupasuliwa shina tu. Mkomamanga unakubali kijiti kinene wakati wa baridi. Mlangilangi ndio wenye kiburi. Hupandwa zaidi kwa mbegu, haupendi upepo mkavu wala baridi ya Januari, na aliyefanikiwa kuuotesha hapa nyuma ya ukuta namvulia kofia. Huyo ndiye hasa aliye na wajibu wa kugawa mbegu, maana mti mmoja katika mji mzima ni kama hakuna. Mkilua sijauona Doha, na natamani nikosolewe.

Wala msidhani kuwa nasema juu ya nyumba za watu wa Unguja peke yao. Eneo letu hili la Mesaimeer na Abu Hamour lina makaburi ya Waislamu na lina makanisa pia. Tangu kanisa la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2008, wenzetu wa Kenya na Tanzania huja huku kusali, na Kiswahili husikika barabarani. Hao nao ni watu wa mchicha, wa kisamvu na wa pilipili. Niliwahi kumpa mmoja wao shina la mchaichai mbele ya duka, akanishukuru kama niliyempa mahari.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Kugawana ninakokutaka ni kugawana hapa hapa. Wapo watu wetu ambao kila wakirudi likizo hutia vijiti begini, vimeviringishwa katika kanga mbichi katikati ya nguo, na wakivuka forodha salama husimulia kwa fahari. Mimi sioni fahari. Mche unaovuka mpaka unatakiwa uwe na cheti cha afya, na sharti hilo lina maana yake. Yule fukusi mwekundu wa mitende aliingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980, pamoja na mitende iliyoletwa kutoka nje. Funza wake hula ndani ya shina, mti ukionekana mzima kwa nje mpaka siku unapoanguka. Leo hapana nchi ya Ghuba isiyopigana naye. Na jamaa zetu wa Batina, Oman, waulizeni habari ya ndimu. Ugonjwa ule unaoufanya mndimu uchipue matawi membamba yaliyosongamana kama fagio ulijulikana huko katika miaka ya 1970, ukaenea kwa vidudu na kwa miche yenye ugonjwa, na mindimu isiyo na idadi ikafa. Hizo ndizo ndimu zilizokuwa zikikaushwa na kusafirishwa kila pembe ya Ghuba. Waliohamisha miche hiyo hawakukusudia ubaya. Huenda kila mmoja alikuwa akimpelekea dada yake zawadi.

Kwa sababu hiyo nasema, kama kila nyumba ingekuwa radhi kutoa kijiti kwa jirani, pasingekuwa na haja ya kukificha begini. Uchoyo wa hapa ndio unaomfanya mtu aibe njia. Na mwenye mmea unaoumwa, wenye majani ya manjano au wadudu weupe wa unga, asiutoe mpaka upone. Hiyo nayo ni adabu ya kugawana.

Nije kwa ndege. Qatar ni rasi, bahari pande tatu na jangwa katikati. Kila Septemba na Oktoba ndege wadogo kwa wakubwa hushuka kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na Machi mpaka Mei hupanda tena kwenda kuzaa. Kwa ndege aliyevuka maji na mchanga usiku kucha, kijani chochote ni kituo cha kupumzikia: shamba, bustani ya Serikali, au uani wetu wenye mkunazi na ndoo iliyovuja. Keremkerem hupita juu kwa makundi, huwasikia kwa mlio wao kabla ya kuwaona. Mbayuwayu huruka chini chini juu ya nyasi. Hudihudi hutua akachokoachokoa udongo kwa mdomo wake mrefu akitafuta funza, na kila akitua watoto wa nyumba yoyote ya Kiislamu hutoka mbio, maana wameisoma habari yake na Nabii Suleiman katika Sura ya An-Naml. Baridi ikiingia huja yule mdogo mweupe na mweusi asiyeacha kutikisa mkia, akatembea katika uwanja wa msikiti kama mwenye zamu.

Mbayuwayu na keremkerem hawa, wengi wao wanakwenda Afrika, na wapo wanaofika kwetu Afrika Mashariki. Anayepita Mesaimeer Septemba huenda Novemba akawa juu ya mikarafuu. Hana pasipoti wala iqama. Nawaambia wajukuu hivyo na hucheka, lakini nimegundua kuwa tangu wasikie hayo wanawatazama kwa jicho jingine.

Tunawafanyia nini? Twapulizia dawa. Kampuni inaitwa, mtu aliyefunga barakoa anaingia na bomba, na kila kidudu kilichomo uani hufa. Hudihudi anakuja kula wadudu waliokunywa sumu. Twatega bao za gundi kwa ajili ya panya, tukaziacha wazi nje, asubuhi akakutwa shomoro amenasa mbawa zote mbili. Twatandika wavu mbovu juu ya mkomamanga, bulbuli wa mashavu meupe akaingia asipate pa kutokea. Na vijana wetu, wa umri wa kujua, nimewaona wakitega mitego nyuma ya nyumba kwa kujifurahisha. Wajue basi kuwa nchi hii ina Sheria namba 4 ya mwaka 2002 inayosimamia uwindaji wa wanyama na ndege wa mwituni. Wakikamatwa, wasije kwa mwalimu kuombewa.

La kuudhi kupita yote ni ukataji wa mikunazi. Katika mtaa mmoja hapa palikuwa na mkunazi mkubwa, umri wake kuliko nyumba zote zilizouzunguka. Mwenye nyumba aliukata kwa sababu ndege walichafua magari na majani yaliziba mifereji. Pametandikwa matofali ya saruji, safi kabisa, na saa nane ya mchana hapakanyagiki. Mti huo ndio sidri, ambao Qatar Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1995, imeufanya alama yake. Mizizi yake huenda chini mbali, hauombi maji kila siku, maua yake ni asali, na mwisho wa baridi hutoa kunazi ambazo watu wa hapa huziita kanar. Bulbuli hula, tetere hujenga, watoto huokota. Kisha kuna siku ambayo sote itatufika. Majani yake ndiyo yanayotiwa katika maji ya kumwoshea maiti. Tunaishi hatua chache kutoka makaburini, na tukifiwa twampeleka mtu akanunue unga wa sidri dukani, ilhali mti wenyewe tumeukata kwa ajili ya gari.

Najua majibu nitakayopewa. Kwanza, maji. Ni kweli ni ghali kuyatengeneza, wala sisemi mtu apande majani ya kumwagiwa kutwa kama uwanja wa mpira. Lakini kila nyumba ina viyoyozi, na kila kiyoyozi chatoa maji yanayodondoka kutoka kwenye mpira wake ukutani mchana na usiku. Maji hayo hayana chumvi. Tia ndoo chini yake, na miezi ile ile mimea inapoumia ndiyo miezi ndoo inapojaa upesi. Pili, mbu. Chombo cha maji ya ndege kiwe kifupi, kina cha vidole viwili, kiwekwe kivulini na kubadilishwa kila asubuhi. Mbu hapati nafasi ya kuangua katika maji ya siku moja. Tia na jiwe katikati apate pa kusimama aliye mdogo. Tatu, mapaka. Hili ni kweli tupu, maana mapaka wa Doha hawana mwenyewe wala huruma. Kiwekwe juu ya nguzo au ukuta, mbali na kichaka cha kujifichia.

Lakini mabaki ya wali na mkate msiwatupie, nami hapa natofautiana na mabibi wengi ninaowaheshimu. Chakula kile hakimfikii hudihudi wala keremkerem, ambao hula wadudu. Kinawashibisha panya, kunguru na yule maina, ndege wa hudhurungi mwenye manjano machoni, aliyetoka upande wa India na sasa amejaa mji. Huwafukuza wengine katika matundu na kuyala mayai yao, na Wizara ya Mazingira hapa imelazimika kumtegea mitego. Sisi wa Unguja tunayo habari yetu kama hiyo. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa kwetu katika miaka ya 1890 ati asafishe takataka za mji, na waulizeni wazee amesafisha nini zaidi ya makinda ya ndege wengine na vifaranga vya kuku. Anayetaka kumpa ndege chakula na apande mti. Tulisomeshwa madrasa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, juu ya apandaye mti: alichokila ndege humo huhesabiwa sadaka sawasawa na alichokila mtu. Haikusemwa ndege mzuri peke yake, ni kweli, lakini pia hatukuambiwa tumlee mwizi.

Rai yangu, basi, kwa wazee wa jamaa zetu. Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba, kila mwaka, tukutane nyumba yoyote yenye uani, kila mtu na vikopo vyake, jina la mmea limeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na jina la nyumba ulikotoka. Pasiuzwe kitu. Watoto ndio wafanye kazi ya kuandika, maana nimewauliza watano hao wa karibu tofauti ya afu na asumini na hapana aliyejua. Na nyumba inayohama iseme mapema, Februari au Machi, baridi haijaondoka, ili vijiti vikatwe na kushika katika nyumba tatu nyingine kabla ya ufunguo kurudishwa. Wenye kuhama mwaka huu nawajua wawili. Mmoja amekwisha nikubalia, wa pili bado anasema mti wake haukubali kukatwa.

Nami kwa upande wangu ninavyo vikopo kumi na vinne vya asumini vilivyokwisha shika, na mbegu za kunazi za kutosha mtaa. Anayetaka na aje baada ya Alasiri, ila aje na kopo lake, kwa sababu yangu yamekwisha.